Ruhusa ya Daktari Si Mwisho wa Ugonjwa

Mgonjwa anapopewa ruhusa ya kutoka hospitali, aghalabu nyumba nzima hushusha pumzi. Mkeka hukunjwa, sufuria na birika vilivyokuwa chini ya kitanda cha wodini hufungwa katika kanga, na jamaa waliokuwa wakipokezana zamu ya kumlinda hutawanyika, kila mmoja akarudia shughuli yake. Neno linalosikika ni moja: "Amekwisha pona." Kwa kweli daktari hakusema hivyo. Alichosema ni kwamba hatari iliyomlaza mgonjwa imepungua kiasi cha kumwezesha kuuguzwa nyumbani. Na kuuguzwa nyumbani ni kuuguzwa vile vile, ila sasa kazi imehama kutoka mikononi mwa wauguzi waliofunzwa, ikaingia mikononi mwa mama, baba, nyanya na jirani.

Mjini Mbarara, kusini magharibi ya Uganda, jambo hili limechunguzwa kwa hesabu, na hesabu yenyewe inatisha. Kati ya mwaka 2012 na 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha British Columbia cha nchini Kanada, waliwaandikisha watoto 1,307 wa umri wa miezi sita hadi miaka mitano, waliolazwa kwa maradhi ya kuambukiza katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mbarara na katika hospitali ya watoto ya Holy Innocents iliyo mjini humo humo. Watoto 65 walifariki wakiwa wodini. Waliobaki 1,242 walipewa ruhusa, wakarudi kwao. Watafiti hawakuishia hapo kama ilivyo desturi, bali waliendelea kufuatilia habari za kila mtoto kwa muda wa miezi sita. Katika miezi hiyo watoto wengine 61 walikufa.

Maana yake ni kwamba kwa kila mtoto aliyefia mikononi mwa madaktari, karibu mwingine mmoja alifia nyuma ya mgongo wao, baada ya jina lake kufutwa katika daftari la wodi na kuhesabiwa miongoni mwa waliopona. Sehemu kubwa ya vifo hivyo ilitokea katika majuma ya mwanzo, na wengi wa watoto hao walifia nje ya hospitali: nyumbani, au njiani.

Dk. Matthew Wiens na wenzake, akiwamo Dk. Elias Kumbakumba na Dk. Jerome Kabakyenga wa Mbarara, walitaka kujua ni watoto gani hasa waliokuwa hatarini. Walikuta kwamba dalili zilikuwapo tangu siku ya kulazwa: mkono wa juu uliokonda, hewa safi iliyopungua katika damu, fahamu zilizopotea, virusi vya UKIMWI, na kuwahi kulazwa kabla ya hapo. Mtoto wa namna hiyo hata homa ikimshuka, mwili wake ni kama nyumba iliyozimwa moto lakini nguzo zake zimeungua. Inasimama, ila upepo mdogo waweza kuiangusha. Kuhara kwa siku mbili, ambako mtoto mwenye afya angekustahimili, kwake ni msiba.

Hali hiyo huwa nzito zaidi kwa familia inayotoka Nakivale. Makazi hayo ya wakimbizi, yaliyo kando ya ziwa la jina hilo katika Wilaya ya Isingiro, yalifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya kwao, na ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi yaliyodumu muda mrefu kuliko yote barani Afrika. Leo wamo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na wengineo, zaidi ya watu laki moja, waliotawanyika katika vijiji vingi vya Base Camp, Juru na Rubondo. Vituo vya afya vimo ndani ya makazi, navyo huwatibu wakimbizi na wenyeji pamoja. Lakini mtoto anayehitaji kuongezwa damu, au mama anayehitaji upasuaji ulioshindikana karibu, mara nyingi hupelekwa Mbarara. Huko kwenda kuna gari la wagonjwa. Kurudi ni shauri jingine. Familia iliyopewa ruhusa jioni, bila nauli, ikiwa na mtoto mgongoni na barabara ndefu ya vumbi mbele yake, haina nafasi ya kutulia na kuuliza maswali.

Karatasi isiyosomeka

Tena kuna suala la lugha. Karatasi ya ruhusa huandikwa kwa Kiingereza, tena kwa mwandiko wa haraka. Muuguzi huenda akaeleza kwa Kinyankole. Mama aliyetoka Kivu anajua Kiswahili na Kinyabwisha. Mrundi anajua Kirundi na Kiswahili chake cha sokoni. Mama anaitikia kwa kichwa kwa sababu ya heshima, na muuguzi anadhani ameelewa. Maneno yaliyopasa kuokoa maisha yanaachwa mlangoni mwa wodi.

Hapa ndipo Kiswahili kinapoonyesha faida yake. Kwa miaka mingi katika Uganda lugha hii ilihesabiwa kuwa ya askari na polisi, hata raia wengine wakaiogopa. Katiba iliporekebishwa mwaka 2005 ilipewa nafasi ya lugha rasmi ya pili. Polisi wa kituo cha Nakivale, mke wa askari wa kambi ya Makenke, dereva wa lori na fundi cherehani wa Kikongo wote wanaisikia. Si aibu kumwomba mtu wa namna hiyo aliyeko wodini asimame kando ya kitanda na kufasiri. Kabla ya kuondoka, anayemwuguza mgonjwa arudie kwa kinywa chake yote aliyoambiwa, na muuguzi amsikilize: dawa hii ni ya nini, inanyweshwa mara ngapi kwa siku, inakwisha siku gani, mgonjwa arudi lini, na ni dalili zipi zinazomtaka arudi kabla ya siku hiyo. Likikosekana jibu la swali moja tu kati ya hayo, ruhusa bado haijakamilika.

Karatasi yenyewe isitupwe wala isifungiwe chumvi. Itiwe katika mfuko wa plastiki, iwekwe pamoja na kadi ya chanjo. Mtoto akizidiwa usiku, mganga wa kituo ataisoma kwa dakika moja na kujua kilichofanyika Mbarara, badala ya kubahatisha.

Dawa za akiba

Kosa linaloonekana mara nyingi kuliko yote ni lile la dawa. Chukua mfano wa malaria kali. Hospitalini mtoto huchomwa sindano za artesunate kwa muda usiopungua saa 24, naye hufumbua macho, akaomba uji. Kisha hupewa vidonge vya mseto vya kunywa asubuhi na jioni kwa siku tatu. Siku ya pili nyumbani mtoto anacheza. Mama, ambaye ana watoto wengine wanne na anajua jinsi dawa zinavyokwisha katika vituo, anavihifadhi vidonge vilivyobaki kwa ajili ya homa ijayo. Nia yake ni njema, na kwa mtu maskini kuweka akiba ni busara. Lakini sindano ilifanya nusu ya kazi tu. Wadudu waliobaki katika damu huzaliana upya, na homa inayorudi humkuta mtoto akiwa dhaifu kuliko mwanzo. Vidonge hivyo vinywewe mpaka cha mwisho, tena pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta kidogo, maana bila mafuta mwili hauipokei dawa sawasawa.

Hali kadhalika dawa za nimonia na za vidonda. Kwa mtoto aliyelazwa kwa kuhara, vidonge vya zinki huendelea kwa siku 10 hadi 14 hata kama choo kimekwisha kuwa kigumu. Maji ya chumvi na sukari ya pakiti huchanganywa katika lita moja ya maji safi, si katika kikombe ili "yawe makali", na yakilala siku moja humwagwa.

Lipo na jambo la mitishamba. Si kila jani ni sumu, na wazee wa Ankole na wa Kivu wana elimu yao. Ila mwili uliotoka kuumwa, ambao maini na figo zake zimechoka, haustahili kubebeshwa dawa mbili zisizojuana. Wazee wanaweza kungojeshwa. Kidonda hakingoji: jivu, samadi, mafuta ya breki na unga wa vidonge vinavyopondwa visiguse kidonda cha mtu yeyote.

Kuhusu chakula, kanuni ni nyepesi kusema kuliko kutimiza: mtoto aliyeugua aongezewe mlo mmoja kwa siku, zaidi ya milo yake ya kawaida, kwa muda usiopungua majuma mawili. Mtoto wa namna hiyo hana hamu ya kula, basi apewe kidogo kidogo na mara nyingi, na mtu mzima akae naye mpaka amalize. Sinia moja la familia halimfai kwa wakati huo, kwa sababu ndugu zake wenye nguvu watalimaliza kabla hajameza tonge la tatu. Uji wa mahindi mtupu hujaza tumbo bila kujenga mwili. Utiwe karanga zilizosagwa, au maziwa, au unga wa dagaa, wale waitwao mukene sokoni Mbarara. Maharage yaliyopondwa, mchicha, yai, na ndizi za matoke ambazo nchi hiyo imejaliwa kuwa nazo, vyote ni vyakula vya kumrudisha mgonjwa. Chai ya rangi isinywewe pamoja na chakula na mtu mwenye upungufu wa damu, kwani huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Maziwa ya ng'ombe wa Ankole ni mazuri sana, lakini yachemshwe. Ugonjwa wa kutupa mimba kwa ng'ombe humwingia mwanadamu kwa njia ya maziwa mabichi, nao humpa homa za kupanda na kushuka ambazo hufanana mno na malaria.

Wako watakaouliza vitu hivyo vyote vitatoka wapi. Swali hilo ni la haki. Mkimbizi wa Nakivale hupewa kipande cha ardhi alime, lakini mvua za Isingiro si za kutegemewa, na mwaka 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani liliwagawa wakimbizi wa Uganda katika makundi kwa kadiri ya uhitaji, hivyo kaya nyingi zikapunguziwa posho. Hapo ndipo chakula-dawa, ile siagi ya karanga iliyochanganywa na maziwa, sukari, mafuta na vitamini, kinapogawanywa kwa watoto wote wa nyumba, au kinapouzwa. Inaumiza moyo kumwambia mama asiwape wengine wanaolia njaa. Hata hivyo pakiti hizo ni dawa iliyopimwa kwa uzito wa mtoto mmoja, na zikigawanywa kwa watano haziponyi hata mmoja. Mama mwenye dhiki hiyo aieleze wazi kituoni pasipo kuona haya, na ndugu zake mgonjwa nao wapimwe mkono kwa ule utepe wa rangi tatu. Ukiangukia kwenye nyekundu, yaani chini ya sentimeta 11.5 kwa mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano, naye ana haki ya kutibiwa.

Utafiti wa Mbarara haukukomea katika kuhesabu makaburi. Baada ya hapo watafiti wale wale walijaribu njia moja isiyo ya gharama kubwa kwa watoto 216. Mzazi alifundishwa kabla ya kuondoka, akapewa furushi dogo lenye chandarua, sabuni na pakiti za maji ya chumvi na sukari, kisha akaandikiwa barua ya kumpeleka mtoto kwa mhudumu wa afya aliye karibu na kwake siku ya 2, ya 7 na ya 14. Idadi hiyo ilikuwa ndogo mno kuweza kuonyesha ni vifo vingapi vilivyoepushwa, lakini ilionyesha jambo la maana: wazazi walio wengi walikwenda. Ule usemi wa ofisini kwamba watu wa vijijini hawarudi kliniki hata wakiambiwa, haukusimama. Walirudi, kwa sababu safari hii waliambiwa siku gani, kwa nani, na kwa nini.

Kwa hiyo familia ambayo haikupewa furushi lolote yaweza kujitengenezea mpango huo. Chandarua chenye dawa, sabuni na pakiti mbili za maji ya chumvi si vitu vya kuagiza ng'ambo. Mhudumu wa afya wa kijiji, yule aitwaye VHT na kila mtu katika Uganda, huwa jirani. Apelekewe karatasi ya ruhusa siku ile ile ya kufika, naye aombwe kupita baada ya siku mbili.

Zipo dalili ambazo hazingoji siku ya 7 wala ya 14. Mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepatwa na degedege, au aliyelegea asiamke vizuri, apelekwe kituoni saa ile ile. Pumzi pia huhesabiwa, na mtu yeyote mwenye saa aweza kuihesabu mtoto akiwa ametulia: pumzi 50 au zaidi kwa dakika kwa mtoto wa miezi miwili hadi mwaka mmoja, au 40 na zaidi kwa mtoto aliyevuka mwaka hadi miaka mitano, ni dalili ya nimonia. Kifua kikibonyea ndani kila anapovuta pumzi, isingojwe asubuhi.

Akina mama waliojifungua kwa upasuaji wanahitaji neno lao. Katika nyumba nyingi za Waswahili na za Wakongo mzazi hukandwa tumbo kwa maji ya moto. Mwenye mshono asikandwe. Mshono uwe mkavu na safi, mikono ioshwe kabla ya kuugusa, na mwenyewe asinyanyue kitu kizito kuliko mtoto wake katika majuma ya mwanzo. Mtungi wa maji wa lita 20, ambao huko Nakivale ni kazi ya mwanamke kila siku, uwe kazi ya mumewe, na akiona haya kuonekana bombani basi ajifunze. Usaha, harufu mbaya, homa, damu nyingi, au kichwa kuuma sana na macho kuona giza, ni sababu ya kurudi hospitali bila kungoja kliniki ya siku ya 6 wala ya juma la 6.

Aliyefungwa plasta kwa ajali ya boda boda ainue kiungo hicho juu ya mto, na atazame vidole. Vikiwa vya baridi, vikibadilika rangi, vikifa ganzi, au maumivu yakizidi badala ya kupungua, plasta inabana na lazima ifunguliwe na mganga. Asiikate mwenyewe kwa panga.

Askari ana shida yake ya pekee. Uganda imekuwa na majeshi Somalia tangu mwaka 2007, na ilipeleka mengine mashariki ya Kongo mwezi Novemba 2021, hivi kwamba mara nyingi mtoto wa kambini huuguzwa na mama peke yake huku baba yuko mbali. Polisi naye huhamishwa leo na kesho. Katika nyumba nyingi fedha na uamuzi wa kwenda hospitali vimo mikononi mwa baba. Mama akimpigia simu asipopatikana, anangoja, na mtoto anazidiwa. Askari mwenye busara hulimaliza jambo hilo mapema. Huacha nauli ya dharura mikononi mwa mkewe au katika simu yake, humtajia jirani mmoja wa kukimbiliwa usiku, na humwambia mbele ya jirani huyo kwamba hahitaji ruhusa ya mtu kumpeleka mtoto kwa mganga.

Wazee wa Ankole na Kigezi walikuwa na mpango uliofanana na huo. Kila kitongoji kilikuwa na engozi, machela iliyosukwa, na chama cha wanaume wenye wajibu wa kuibeba mabegani kumpeleka mgonjwa hospitalini, na kumrudisha. Asiyejitokeza kuwabeba wengine alijua yatakayompata siku yake. Vyama hivyo havikufa. Mwaka 1996 Hospitali ya Kisiizi ilivitumia kuwa msingi wa bima ya matibabu ya wanavijiji. Katika vijiji vya Nakivale, ambako watu wa mataifa kadhaa hupakana uani, kikundi cha kaya kumi kinachochanga kidogo kila juma kwa ajili ya pikipiki ya usiku chaweza kufanya kazi ya engozi.

Kuhusu wageni, wanaokuja kumpa pole mgonjwa ni baraka, ila wasiwe ishirini katika chumba kimoja chenye dirisha lililofungwa. Mwenye kikohozi asimamie nje. Atakayekuja na kuni, au akafua nguo za mgonjwa, amefanya zaidi ya aliyekaa kutwa akieleza jinsi fulani alivyokufa kwa ugonjwa huo huo.

Mwisho ni habari inayowahusu watoto walioongezewa damu kwa sababu ya upungufu mkubwa. Mwaka 2020 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali tisa za Kenya na Uganda kwa watoto zaidi ya elfu moja wa aina hiyo. Nusu yao walipewa dawa ya kuzuia malaria, siku tatu mfululizo kila mwezi, kwa miezi mitatu baada ya ruhusa. Katika muda huo wa kinga, vifo na kulazwa upya vilipungua kwa asilimia 70 wakilinganishwa na wenzao. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliiingiza njia hiyo katika miongozo yake. Mzazi ambaye mtoto wake ameongezewa damu aweza kumwuliza daktari juu ya dawa hiyo wakati bado yuko wodini, kabla karatasi ya ruhusa haijatiwa sahihi.